Gari la kwanza la kijana lisimeze mavuno yote

Kila msimu wa mauzo unapopamba moto, iwe ni korosho Mtwara na Lindi, mpunga Mbarali au vitunguu Mang'ola, yadi za magari mijini hupata wateja wa aina moja. Ni mzazi mwenye fedha za mavuno, akifuatana na kijana wake wa miaka 18 au 19 aliyemaliza shule na kupata leseni hivi karibuni. Mzazi anatafuta gari la kwanza la familia, na kijana ndiye atakayekuwa dereva.

Hilo si jambo baya hata kidogo. Mkulima anayeishi kilomita 40 kutoka mjini anajua adha ya kusubiri usafiri barabarani na matenga ya nyanya, au kumbeba mgonjwa kwa pikipiki usiku. Mwenye duka naye anajua nauli inavyokula faida ya bidhaa. Gari katika familia za namna hiyo ni chombo cha kazi kama lilivyo jembe.

Tatizo ni namna gari hilo linavyochaguliwa. Mara nyingi mzazi huangalia bei, kijana huangalia sura, na dalali huangalia kamisheni yake. Hakuna anayeangalia breki. Matokeo yake ni ya aina mbili: gari linalowekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba kabla ya msimu mwingine kufika, au msiba.

Ukweli ambao familia nyingi hawaupendi ni kwamba gari linalomfaa kijana anayeanza kuendesha ni lile dogo, la kawaida, ambalo kila fundi wa wilayani analijua, na ambalo baada ya kulinunua fedha bado zimebaki. Gari la kuvutia macho ya majirani linaweza kusubiri.

Bei si gharama

Uchukuliwe mfano wa mkulima mwenye Sh12 milioni. Akinunua gari la Sh12 milioni, anatoka yadi akiwa hana fedha ya kubadili umiliki, bima, matairi wala mafuta ya wiki ya pili. Matokeo yake, kijana anaanza kuendesha gari lenye pedi za breki zilizokwisha kwa sababu baba anasubiri mavuno mengine.

Kanuni iliyo rahisi kukumbuka ni hii: robo ya fedha isiingie yadi. Mwenye Sh12 milioni atafute gari la Sh9 milioni au pungufu, na Sh3 milioni zibaki kwa ajili ya kuliweka gari katika hali ya kuaminika. Oili ya injini na vichujio vyake vibadilishwe siku hiyo hiyo, hata kama muuzaji anaapa kwamba vimebadilishwa jana. Breki zifunguliwe na kuangaliwa. Betri ipimwe. Gari lililotumika huja na madeni yaliyojificha, na mnunuzi ndiye anayeyalipa.

Baada ya hapo yapo mafuta, ambayo ndiyo gharama isiyokoma. Gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita moja na lile linalokwenda kilomita nane hayatofautiani sana kwa macho yakiwa yameegeshwa. Lakini familia inayokwenda mjini mara tatu kwa wiki, kilomita 80 kwenda na kurudi, hutembea kilomita 240. Gari la kwanza litatumia lita 16 na la pili lita 30. Tofauti ni lita 14 kwa wiki, sawa na lita 728 kwa mwaka. Kila mmoja azidishe lita hizo kwa bei kikomo ambayo EWURA huitangaza kila mwezi, kisha ajiulize ni magunia mangapi ya mahindi yatakayouzwa kulipia tofauti hiyo peke yake.

Hesabu hiyo ndiyo inayoondoa kwenye orodha magari makubwa yanayouzwa kwa bei ya kushangaza. Gari la injini ya lita tatu lenye umri wa miaka 20 halikuwa rahisi kwa bahati. Mwenye nalo ameshindwa kulilisha. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Lililo la kawaida ndilo zuri

Vijana wengi hawapendi kusikia majina ya Corolla, Starlet, Vitz, IST au Probox. Wanayaona ni magari ya wazee au ya walimu. Lakini wingi wa magari hayo barabarani ndio sifa yake kubwa. Gari ambalo liko kila mtaa lina spea katika kila mji, tangu Gerezani Kariakoo hadi duka dogo la makao makuu ya wilaya. Lina fundi aliyewahi kulifungua mara nyingi. Na siku ya kuliuza, lina mnunuzi.

Gari la aina ngeni, hata likiwa jipya zaidi kwa bei ile ile, humlazimisha mwenye nalo kuagiza kifaa kutoka Dar es Salaam au nje ya nchi. Kwa mfanyabiashara wa mboga, siku kumi za kusubiri sensa moja ni siku kumi za hasara.

Hata miongoni mwa magari ya kawaida kuna mambo ya kujua. Toyota ilisimamisha uzalishaji wa Starlet mwaka 1999, mwaka ambao Vitz ilianza. Kwa hiyo Starlet ya enzi hizo inayouzwa leo ni gari lililozeeka, hata ikiwa imepigwa rangi ikang'aa. Injini yake ya sisi 1,300 hutumia mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Asiyejua umebadilishwa lini aubadilishe kwanza. Injini za sisi 1,300 na 1,500 za IST na Probox, magari yaliyoanza kutengenezwa mwaka 2002, hutumia cheni, ambayo hudumu muda mrefu zaidi iwapo oili hubadilishwa kwa wakati.

Probox inawafaa zaidi wenye mizigo midogo. Nchini Kenya ndiyo iliyopata sifa ya kubeba miraa kutoka Meru. Vitz ni nyepesi na inabana mafuta, lakini iko chini, na katika barabara za vijijini wakati wa masika inaweza kupasua sampu kwenye jiwe. Corolla iko katikati. Aidha, magari yenye injini za D4 ni vyema yakaepukwa na familia iliyo mbali na mafundi wazuri, kwa kuwa mfumo wake wa kupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda hauvumilii mafuta machafu.

Yapo pia magari marefu kwa kwenda juu, kama Noah, Hiace na yale ya mwendo wa porini. Haya hupinduka kwa urahisi zaidi dereva anapokata kona ghafla. Dereva mzoefu anajua kulimudi. Aliyepata leseni mwezi uliopita bado hajui.

Namba mpya si gari jipya

Kuna imani iliyoenea kwamba gari lenye namba D ni jipya kuliko lenye namba C, na lenye namba E ni jipya zaidi. Herufi hizo huonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, basi. Gari lililotengenezwa Japani mwaka 2003 linaweza kuingia nchini likiwa na umri wa miaka 15 na kupewa namba inayomvutia mnunuzi. Mwaka wa kutengenezwa utafutwe kwenye kadi ya gari, na namba ya chesesi iliyo kwenye kadi ilinganishwe na ile iliyogongwa kwenye bodi. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, biashara iishie hapo.

Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi nazo zisiaminiwe peke yake. Kuzirudisha nyuma ni kazi ya muda mfupi kwa mwenye vifaa. Gari la miaka 18 linalosoma kilomita 70,000 huku pedali ya breki ikiwa imelika, usukani umeng'aa kwa kushikwa na kiti cha dereva kimebonyea, linajieleza lenyewe.

Anayeagiza gari kutoka Japani kupitia wakala adai karatasi halisi ya mnada. Huko magari mengi ya mtumba hupita mnadani na kupewa alama na wakaguzi. Gari lenye alama R au RA lilipata ajali likatengenezwa. Si lazima liwe baya, lakini mnunuzi ana haki ya kujua na kulipa bei inayolingana na hali hiyo. Achungulie pia chini ya gari. Maeneo ya kaskazini mwa Japani humwagiwa chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chuma. Kutu iliyofunikwa na rangi nyeusi mpya ni ishara ya kutia shaka.

Fundi awe wa mnunuzi

Fedha ambayo wanunuzi wengi huionea uchungu ni ya kumlipa fundi akague gari kabla ya kununua. Badala yake humkubali fundi aliyeletwa na dalali. Huyo ana wateja wake wa kuwalinda. Fundi wa mnunuzi alipwe na mnunuzi, na alipwe hata kama atasema gari lisinunuliwe. Ushauri wa namna hiyo ndio wenye thamani kubwa zaidi.

Gari likaguliwe asubuhi injini ikiwa ya baridi. Muuzaji anayelipasha moto kabla mteja hajafika huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa bluu unaoendelea kutoka unaonyesha injini inakula oili. Moshi mweupe mzito usiokwisha, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia, ni dalili kwamba maji yanaingia kwenye injini. Taa ya injini kwenye dashibodi inapaswa kuwaka swichi inapofunguliwa na kuzimika injini inapowaka. Isipowaka kabisa, huenda balbu yake imetolewa makusudi. Hali ni hiyo hiyo kwa taa ya mifuko ya hewa.

Kuhusu mifuko hiyo, yapo magari yaliyopata ajali, mifuko ikafyatuka, na mafundi wakafunika nafasi iliyobaki kwa plastiki. Lipo pia suala la mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani, iliyosababisha mamilioni ya magari kuitwa virudishwe duniani, yakiwamo baadhi ya matoleo ya Corolla na Vitz ya miaka ya 2000. Kemikali ya kufyatulia mifuko hiyo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na inapolipuka vibaya hurusha vipande vya chuma. Kwa wakazi wa Tanga, Dar es Salaam au Mtwara, hilo ni jambo la kuuliza kwa wakala rasmi wa kampuni wakiwa na namba ya chesesi mkononi.

Matairi yana siri yake. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne. Zikisomeka 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri lakini mpira wake umezeeka na kupasuka nyufa. Hilo ndilo linalopasuka barabarani gari likiwa katika mwendo wa kasi.

Mwisho ni breki na mikanda. Gari lipelekwe mahali pa wazi, lifungwe breki kwa nguvu likiwa katika mwendo wa wastani. Likivuta upande, au pedali ikizama, kuna kazi ya kufanya. Mikanda yote ivutwe na kufungwa, ya nyuma pia. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka mitano hadi 29, na kwamba mkanda unaweza kupunguza kwa karibu nusu hatari ya kifo kwa waliokaa mbele. Gari lisilo na mikanda inayofanya kazi halifai kwa bei yoyote.

Karatasi kabla ya fedha

Fedha zisitoke kabla kadi halisi haijaonekana. Nakala si kadi. Muuzaji anayesema kadi iko benki anasema kwamba gari ni dhamana ya mkopo. Anayesema imepotea aende kwanza akapate nyingine. Jina lililo kwenye kadi liwe la anayeuza, au awe na uwezo wa kisheria uliothibitishwa wa kuuza kwa niaba ya mwenye gari.

Namba ya gari iangaliwe pia kwenye mfumo wa Polisi wa faini za barabarani, kwa kuwa deni huandikwa kwa namba ya gari, na gari lenye faini kumi humsumbua aliyelishika. Bima nayo ihakikiwe katika mfumo wa TIRA, maana bima ya bandia haimlipi mtu. Mauziano yaandikwe mkataba, na umiliki ubadilishwe TRA mapema. Anayekaa na gari lenye jina la mtu mwingine kwa miaka miwili ana mali ambayo kisheria bado inaonekana si yake.

Familia ijue pia bima inayonunua. Bima ndogo hulipa madhara waliyopata watu wengine. Gari lenyewe likigonga mti, hasara ni ya familia. Kwa dereva mgeni, hiyo ni sababu nyingine ya kutoweka mavuno yote ndani ya gari moja.

Lizalishe lini?

Wapo watakaosema kwamba familia ya mkulima haina anasa ya kununua gari la kujifunzia. Gari lazima lianze kuzalisha siku ya kwanza: libebe abiria wa mnadani, lijazwe magunia, lifanye mchomoko hadi usiku. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu fedha iliyolala ni hasara na ada za shule hazisubiri.

Hata hivyo, ina makosa mawili. La kwanza ni la kisheria. Leseni ya daraja D ni ya gari binafsi. Kubeba abiria wa kulipa kunahitaji daraja jingine la leseni, leseni ya usafirishaji ya LATRA na bima ya biashara. Ajali ikitokea huku gari lenye bima ya binafsi limebeba abiria wa nauli, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa, na shamba ndilo litakalouzwa.

La pili ni la uzoefu. Dereva mchanga ana hatari kubwa zaidi anapoendesha usiku na anapobeba vijana wenzake. Ndiyo maana New Zealand, tangu mwaka 1987, huwapa madereva wapya leseni kwa hatua, wakianza na masharti juu ya usiku na abiria. Tanzania haina utaratibu wa namna hiyo, lakini mzazi hahitaji Bunge limtungie sheria ya nyumbani kwake. Anaweza kuamua kwamba kwa miezi sita ya mwanzo gari halitembei baada ya jua kuzama, halibebi marafiki, na mzigo hauzidi kiasi kilichokubaliwa. Gari lililojazwa kupita kiasi huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama, na mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kufunga breki huongezeka mara nne hivi. Hayo kijana huyajua baada ya kuendesha na mtu mzima pembeni. Sura ya gari haimfundishi.

Kubeba nyanya za nyumbani kwenda sokoni mchana, kufuata mbolea na kumpeleka bibi hospitali ni uzalishaji pia. Nauli iliyookolewa ni fedha iliyoingia. Biashara ya abiria inaweza kuja baadaye, dereva akiwa amekomaa na karatasi zikiwa sawa.

Wakati umefika kwa wazazi kuacha kumwachia dalali uamuzi mkubwa kiasi hiki. Mkulima anayekagua mbegu kabla ya kununua, akaangalia tarehe na lakiri ya pakiti, hashindwi kukagua gari. Aingie yadi na fundi wake, na robo ya fedha aiache nyumbani. Kijana akinuna kwa siku mbili kwa sababu amepata Corolla iliyofifia rangi badala ya gari la ndoto yake, anunishwe. Breki zake zinashika, na mavuno mengine yatamkuta akiwa barabarani.